Kwenda Juba Kuchukua Kamera za Simiyu

Niliondoka Kitale kwenda Juba kwa sababu kamera yangu ilikuwa imekufa, na kaka yangu Simiyu alikuwa amekufa kabla yake. Kama kamera ingeendelea kupiga, huenda ningekataa kutumwa. Ilinizimikia mkononi kwenye mahafali ya chuo kimoja cha ualimu, wahitimu wakiwa wamejipanga juani na majoho yao, na fundi wa Eldoret niliyempelekea alinirudishia vipandevipande kwenye mfuko wa plastiki. Alisema kampuni imeacha kutengeneza kamera za aina ile, zenye kioo ndani kinachoruka kila unapobonyeza, na vipuri havipatikani tena. Kamera mpya za kampuni hiyohiyo zina mdomo mwingine wa kufungia lenzi. Lenzi zangu zote, nilizozinunua mojamoja kwa harusi na ubatizo wa watu, zingeingia kwenye kamera mpya kwa kuungwaungwa tu.

Kwa hiyo nilikuwa naanza upya, nitake nisitake. Wenzangu wengi mjini walikuwa wameshahamia kampuni ya pili, ile ambayo Simiyu aliihamia mapema akiwa na studio yake Juba. Kila siku nilisimama nje ya dirisha la duka nikitazama vitu ambavyo singeweza kuvinunua.

Kaka yetu mkubwa, Barasa, ndiye aliyepata jibu. Aliniita kwake Jumapili moja baada ya kanisa, akaniambia vifaa vya marehemu viko Juba, kwa yule mwanamke.

"Nenda ukavilete," alisema. "Vyote. Utavitumia wewe, ndiyo kazi yako."

Yule mwanamke ni Poni, mjane wa Simiyu, wifi yangu. Walifunga ndoa ya kanisa hukohuko Juba, na kwetu hakuna aliyekwenda kwa kuogopa barabara. Hawakujaaliwa mtoto. Simiyu alipofariki kwa ugonjwa wa sukari, Poni alimleta nyumbani akamzika pamoja nasi, akakaa kwenye mkeka pembeni kama mgeni, halafu akarudi. Barasa alisema ndoa ambayo ukoo haukula karamu yake si ndoa, na pasipo mtoto hakuna mrithi. Nilikuwa nafikiria kamera.

Alfajiri ya Jumanne nilipanda gari la Suam, kwenye mpaka wa Uganda. Baridi ya Mlima Elgoni ilikuwa kali, na mpakani maafisa walikuwa wakiota moto wa makaa. Nilivuka nikiwa na begi tupu la kamera mgongoni, lile kubwa lenye vigawanyo vya sponji, na afisa mmoja alilifungua akashangaa kuona halina kitu. Nilimwambia ninakwenda kulijaza.

Kutoka Mbale basi lilipita Soroti na Lira, nchi tambarare yenye mawe makubwa yaliyoinuka ghafla katikati ya mashamba. Safari yote nilikuwa natazama picha kwenye simu, zile ambazo Simiyu alinitumia katika miaka yake ya mwisho. Kulikuwa na bibi harusi anayeoshwa miguu na shangazi yake mlangoni kabla ya kuvaa viatu. Kulikuwa na mzee wa kwaya aliyesinzia huku amekumbatia ngoma, na mwanga wa dirisha umemwangukia nusu ya uso. Nilikuwa nimezionyesha kwa vijana ninaowafundisha kazi. Niliwaambia tazameni, hivi ndivyo kamera za kampuni ile zinavyoona gizani. Simiyu alipenda kusifiwa. Kila nilipomsifu aliniandikia kwamba kwenye kazi hii jicho ndilo linalofanya, vifaa ni vya kusaidia tu, nami nikaona anajifanya mnyenyekevu.

Nililala Gulu, na kesho yake basi la Juba likanifikisha Elegu kabla ya jua kuwa kali. Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi nje ya mji. Upande wa Nimule, ndani ya Sudan Kusini, afisa aliniuliza ninachoendea. Nilijibu ninakwenda kwenye msiba, akanipa pole na kunigongea muhuri. Kutoka hapo lami ni nzuri lakini hakuna anayeifurahia, kwa hofu ya majambazi. Abiria huacha kuongea kwenye baadhi ya vipande vya barabara, na dereva hukanyaga mafuta bila kuambiwa. Mama aliyeketi kando yangu alivua hereni zake akazitia kwenye soksi. Tulipofika Gumbo, ng'ambo ya mto, alizitoa akazivaa tena.

Mtu wa bodaboda aliyenivusha darajani alinitazama begi na kuniambia nisithubutu kulifungua hapo, hata kutoa simu nisitoe. Daraja halipigwi picha. Nilipita juu ya Nile nikiwa nimekaza macho kwenye shati la mwendeshaji.

Munuki, mtaa mmoja wa Juba, jioni. Poni alikuwa akinisubiri kwenye kituo cha bodaboda, amevaa kitenge cha kijani na sweta la Simiyu ninalolijua. Alinikumbatia muda mrefu. Alinipeleka kwenye kiwanja chao, nyumba ya vyumba viwili ikiwa nyuma ya kibanda cha Mama Achan, Mganda anayeuza sukari, sabuni na vocha. Nilipewa maji ya kuoga, kisha kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na bamia, kisha chai yenye sukari nyingi. Poni alikulia kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, kwa hiyo Kiswahili chake ni kama chetu, isipokuwa akichoka huchanganya na Kiarabu cha Juba.

Hakungoja nianze mimi. Baada ya chai alitandika kitenge kitandani akavipanga vifaa vyote juu yake. Kamera mbili: moja kubwa, nzito, yenye mpini wa betri chini, na nyingine ndogo, mpya zaidi. Lenzi tatu: pana ya kupiga kundi zima, fupi nene ya kupiga sura penye mwanga hafifu, na ndefu, ndefu kweli, ya kuvuta kitu cha mbali.

"Barasa alinipigia," alisema. "Najua umekuja kuchukua. Malesh, si kitu, usione haya. Chagua."

Nilishika ile kubwa. Kila kitu kilikuwa kinyume. Kwa miaka yote nilikuwa nafunga lenzi kwa kuzungusha upande mmoja, na hizi zinafungwa kwa upande mwingine. Pete ya kuvuta nayo ilienda kinyume. Nilipotaka kusogeza karibu, nilisukuma mbali. Vidole vyangu vilitafuta vitufe mahali visipokuwepo. Nilijiona kama mwanafunzi. Poni alinitazama kidogo, kisha akauchukua mkono wangu, akakiweka kidole gumba mahali pake na kunionyesha namna ya kumfuata mtu anayetembea bila kupoteza jicho lake. Nilibonyeza. Hakukuwa na mlio wowote. Nilidhani haijapiga, kumbe imeshapiga mara nyingi.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Alijibu kwamba alikuwa akimbebea Simiyu begi.

Asubuhi nilikwenda kununua mkate kwa Mama Achan. Aliponisikia nikisema mimi ni dada yake Simiyu, aliacha kupima sukari akanipa pole. Kisha, kama mtu anayesema jambo ambalo kila mtu analijua, akaongeza, "Simiyu iko mtu muzuri sana. Lakini macho yake iliisha zamani. Picha yote napiga huyu Poni. Yeye nakaa pale kwa kiti, nasema na wateja tu."

Nilirudi ndani na mkate. Poni alikuwa akifagia. Sikumuuliza kitu, maana siku hiyo sikutaka kuamini.

Jumamosi alikuwa na harusi kwenye kanisa kuu la Kator, akaniomba nimsaidie kubeba. Tulikwenda na bodaboda mbili, kamera zikiwa ndani ya kikapu cha sokoni chini ya khanga, maana barabarani hapo mwenye kamera huulizwa maswali. Ndani ya kanisa padri hakutaka mpiga picha asogelee altare, na Poni alilijua hilo. Alivua viatu. Alisimama nyuma ya nguzo akiwa na kamera kubwa na lenzi ndefu, ile ndogo yenye lenzi ya sura ikining'inia begani, na kwa muda wote wa misa nilimwona akisogea mara chache tu. Alingoja. Bwana harusi alipoishika pete, kila mtu alikuwa anatazama pete, lakini Poni alikuwa amemlenga mama wa bibi harusi kwenye benchi la tatu, aliyekuwa akiuma ncha ya leso yake ili asilie. Halafu, bila haraka, akarudi kwenye pete akaiwahi inaingia.

Nje watu walimwita kwa jina. Wasichana walimwambia wapange naye tarehe zao. Hakuna aliyemtaja Simiyu.

Aliponipa kamera nikague picha, ni kama nilimwona tena yule mzee wa kwaya mwenye ngoma. Hakuwa mzee yule, wala picha ile, ila mkono ulikuwa uleule. Sasa sikuweza kujidanganya. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kufuata kampuni ya kamera kwa sababu ya jicho la mtu mwingine, na mtu huyo ndiye niliyetumwa kumnyang'anya.

Jumapili tulikwenda Rejaf, ambako mama yake Poni ana shamba la bamia na mihogo karibu na mto. Mama alikuwa kanisani bado. Tulikaa kwenye ukuta mfupi wa shamba, kilima kikiwa nyuma yetu, na hapo nikamuuliza moja kwa moja.

Hakukataa. Alinieleza kwamba macho ya Simiyu yalianza kuingia ukungu mwaka wa pili wa ndoa yao. Mwanzoni Poni alimsaidia kuona kama picha imetulia. Baadaye akawa anamwelekeza pa kulenga. Mwishowe Simiyu alikaa kwenye kiti. Hata uamuzi wa kubadili kampuni ulikuwa wa Poni, kwa sababu kamera mpya humtafuta mtu jicho zenyewe na Simiyu alitumaini kwamba kwa njia hiyo ataendelea kidogo. Haikusaidia.

"Aliniomba nisiwaambie," Poni alisema. "Alisema nyumbani wanamjua kama mpiga picha, na hana kitu kingine cha kujulikana nacho. Nikamwambia sawa. Ukimsifu kwa simu, alikuwa ananisomea, herufi amezikuza skrini nzima."

Nilimkasirikia kaka yangu, na kumkasirikia maiti kunachosha kwa sababu hajibu. Alimsomea mkewe sifa nilizomwandikia, kisha akaniandikia kuhusu jicho. Nilimwambia Poni kwamba sichukui chochote. Nitarudi na begi langu tupu na nitamweleza Barasa ukweli.

Poni alitikisa kichwa. Alisema ukweli huo hautamsaidia yeye kitu. Barasa hatauliza ni nani aliyekuwa anapiga. Atasikia tu kwamba vifaa vipo na mwanamke amevikatalia, atakuja mwenyewe na binamu zake wawili, na hapo hakitabaki hata kifuniko cha lenzi. Alikuwa ameyafikiria hayo kabla sijafika.

"Lazima urudi na kitu anachoweza kukiona," alisema. "Mtu asiyejua kamera anapenda nini?"

Nilijua jibu, naye alilijua. Anapenda kubwa.

Basi hivyo ndivyo tulivyochagua. Nimewahi kuwasaidia watu wengi kuchagua kamera: huwa ninawauliza wanapiga nini, wanapiga wapi, kuna mwanga kiasi gani. Siku ile tulikaa juu ya ukuta Rejaf tukichagua kwa macho ya Barasa. Kamera kubwa yenye mpini itajaza mikono yake. Lenzi ndefu itamfanya aite majirani. Ile ndogo, iliyo bora zaidi, ataiona kama ya mtoto, na lenzi fupi ya sura hataithamini kabisa. Zile mbili na lenzi pana zitabaki.

Nilimkumbusha kwamba bila lenzi ndefu hataweza tena kupigia nyuma ya nguzo, na kwamba kwenda harusini na kamera moja ni kucheza na moto, ikizima kazi imeisha. Alijibu kwamba atasogea karibu, na padri atamzoea. Aliinuka akaanza kuchuma bamia.

Jumatatu asubuhi alinisindikiza hadi Gumbo. Alikuwa ameifunga lenzi ndefu kwa taulo lake mwenyewe kabla ya kuitia kwenye begi. Nikiwa nasubiri basi, nilijisikia kama mtu mwema. Nakiri nilikuwa nangoja aseme kitu, japo asante. Labda aliona usoni pangu.

"Dada Nafula, mimi sitakushukuru," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Umeniachia kitu changu, na ulichobeba pia ni changu. Nenda salama. Kalas, yameisha."

Alinikumbatia kama siku ya kwanza, akapanda bodaboda akaondoka kabla basi halijawasha injini.

Barabara ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Nimule walifungua begi, na sasa lilikuwa na kitu. Afisa aliipima lenzi kwa mkono akaniuliza kama ni yangu. Nilimwambia ni ya ukoo. Alicheka akanipisha. Kuanzia Gulu mvua ilinyesha hadi Lira, na mimi nilikuwa naitoa kamera kila mara nikifundisha vidole vyangu ule upande mwingine: kufunga, kufungua, kuvuta. Nilipofika Mbale vilikuwa vimeanza kuelewa. Nilipiga mlima kupitia kioo cha gari. Ilikuwa picha nzuri, na niliifuta.

Kitale nilifika alasiri. Barasa alikuwa amekwisha kuwaita wazee wawili. Mambo yalikwenda kama Poni alivyotabiri. Aliinua kamera kwa mikono miwili, akaweka lenzi ndefu mezani imesimama wima, na mzee mmoja akasema kumbe Simiyu alikuwa na kazi ya maana. Barasa aliuliza kama hivyo ndivyo vyote. Nilisema ndiyo. Sikusikia aibu kwa uongo huo.

Kisha akafunga begi, akaliweka chumbani kwake. Nilipouliza nitalichukua lini, alisema tuongee baadaye.

Baadaye yenyewe ilikuwa wiki iliyofuata. Mke wake ndiye aliyeniambia, tukiwa tunamenya viazi. Barasa alikuwa amemuuzia vyote mwanamume mmoja wa Eldoret. Nilimfuata ghalani kwake. Hakukasirika wala kuficha. Alisema kaburi la Simiyu linahitaji saruji na jiwe lenye jina, na heshima ya marehemu inatangulia biashara yangu. Nilimkumbusha aliyoniahidi. Alinijibu kwamba mimi ni mtu mzima mwenye kazi, nitajinunulia.

Niliuza lenzi zangu za kampuni ya zamani kwa vijana wanaoanza, ambao bado wana kamera za kioo. Kila aliyenunua nilimwambia zitakapomfikisha na zitakapomwacha. Kwa miezi kadhaa nilipiga kwa kamera ya kuazima, kisha nikapata ndogo ya kampuni ile ya Simiyu, iliyotumika, na lenzi moja ya sura. Kuhusu kampuni sikuwa na shaka tena. Wateja wananiambia siku hizi picha zangu zimebadilika, kamera mpya imenikubali. Huwa ninawaambia asanteni. Ninavua viatu kanisani sasa. Ninangoja. Najua nimejifunzia wapi.

Nilichelewa sana kumpigia Poni kumweleza kwamba kamera kubwa na lenzi vimeuzwa, na kwamba kaburi bado ni udongo mtupu wenye msalaba wa mbao. Nilitafuta maneno kwa siku nyingi. Alinisikiliza hadi mwisho. Nyuma yake nilisikia vigelegele, alikuwa kazini.

"Ni vizuri," alisema. "Wameshakula. Sasa hawatakuja."

Aliniambia bibi harusi anatoka, akakata simu.

Watu nyumbani hunishauri niandike nilichojifunza safarini. Kuhusu vifaa ninaweza kusema mengi: mkono huzoea kampuni mpya upesi kuliko unavyodhani, na lenzi moja unayoijua vizuri inatosha kuanzia. Kuhusu mengine nilijifunza moja tu. Nilitoka Juba nikiamini nimemwokoa mjane kutoka kwa ukoo wangu. Poni alikuwa amejiokoa mwenyewe kabla sijafika, kwa gharama aliyoijua, na mimi nilikuwa mbeba mzigo wake hadi kwa Barasa.